James Naismith: mwalimu aliyeutoa mpira wa kikapu bure

Mchezo wa ligi ya Marekani unaoanza saa moja ya jioni huko New York, kwetu huku huwa ni saa tisa ya usiku wakati wao wako kwenye majira ya baridi. Hiyo ni saa ambayo wavuvi wengine wa Fundo wako baharini na wengine bado wamelala. Kijana anayeipenda timu yake huamka saa hiyo akashika simu, akahangaika na mtandao mpaka ajue timu imeshinda au imefungwa. Ikifika jioni, kijana huyo huyo hutoka kwenda kucheza na wenzake. Huku hakuna mshahara wala kamera, na pengine viatu vyenyewe ni vya kuazima.

Kati ya mchezo ule wa kwenye simu na huu wa kiwanjani, upi ndio mpira wa kikapu wenyewe? Wengi wetu tungesema ni ule wa mabingwa wanaolipwa mamilioni, na kwamba sisi wa mtaani tunaigiza tu. Lakini ukiyafuata maisha ya mtu aliyeutunga mchezo huu, utaona mambo yalianza kinyume cha hivyo. Katika makala hii tunayaeleza maisha ya James Naismith, mzaliwa wa Kanada aliyefariki mwaka 1939, pamoja na namna mchezo wake ulivyotoka katika ukumbi mmoja mdogo ukaenea duniani.

Yatima wa Almonte

Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861, karibu na mji mdogo wa Almonte katika jimbo la Ontario. Wazazi wake walikuwa na asili ya Scotland, watu wa kazi za mikono. Mwaka 1870 homa ya matumbo iliingia nyumbani kwao, ikamchukua baba na mama ndani ya muda mfupi. James alikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Yeye na ndugu zake wakabaki mikononi mwa bibi yao, na bibi naye alipofariki, mjomba wao Peter akawalea.

Maisha yalikuwa ya shamba na msitu. Watoto wa pale hawakuwa na vifaa vya michezo vya dukani, kwa hivyo walicheza na walichokiokota. Mchezo mmoja waliupenda sana: jiwe dogo huwekwa juu ya jiwe kubwa, mtoto mmoja analilinda, na wenzake wanasimama mbali wakirusha mawe ili waliangushe. Anayekosa hulazimika kwenda kuliokota jiwe lake kabla mlinzi hajamkamata.

Watoto wale waligundua jambo moja. Ukirusha jiwe kwa nguvu na moja kwa moja, likikosa linakwenda mbali sana, na mlinzi anakupata. Ukilirusha polepole, likapanda juu kisha likashuka kama upinde, hata likikosa linaangukia karibu, na unawahi kuliokota. Tulishike jambo hili, kwa sababu miaka 20 baadaye ndilo litakalouzaa mpira wa kikapu.

James hakumaliza skuli kwa mfululizo. Akiwa kijana mdogo aliacha masomo akaenda kukata miti na kufanya kazi katika kambi za mbao, na huko alikaa miaka kadhaa. Aliporudi darasani alikuwa ana umri wa kiasi ya miaka 20, akakaa pamoja na watoto wadogo kwake, akamaliza. Mwaka 1883 aliingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, na mwaka 1887 akapata shahada yake. Baada ya hapo akasomea uchungaji.

Familia yake ilitegemea atakuwa mchungaji wa kanisa. Yeye lakini alikuwa anacheza raga na kufundisha mazoezi ya viungo, na akaanza kuamini kwamba kijana anaweza kufunzwa tabia njema uwanjani kama anavyofunzwa kanisani. Mwaka 1890 akavuka mpaka kwenda Marekani, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Huko kulikuwa na chuo cha YMCA, yaani Chama cha Vijana wa Kikristo, kilichowafundisha walimu wa mazoezi. Dada yake Annie hakuufurahia uamuzi huo. Kwake yeye, kuacha mimbari kwa ajili ya michezo ilikuwa ni kupotea njia.

Darasa lililochoka

Ili tufahamu mpira wa kikapu ulitoka wapi, inatubidi tuijue baridi ya Springfield. Majira ya joto wanafunzi walicheza nje. Kuanzia Novemba theluji inafunika viwanja, na kinachobaki ni mazoezi ya ukumbini: kunyoosha mikono, kupiga hatua kwa hesabu, kuruka kamba na kuning'inia kwenye vyuma. Kwa mtoto ni sawa. Kwa mwanamme mzima aliyezoea mpira, ni adhabu.

Mwishoni mwa mwaka 1891 kulikuwa na darasa moja la wanafunzi 18, watu wazima, ambao waliyachukia mazoezi hayo waziwazi. Walimu wawili walijaribu kuwafundisha wakashindwa. Mkuu wa idara, Luther Gulick, akampa darasa hilo Naismith, akampa na wiki mbili abuni mchezo mpya: uchezeke ndani, usiwe wa kuumizana, na uwapendeze.

Naismith alianza kwa kuingiza ndani michezo iliyokuwa ikijulikana. Alijaribu raga, watu wakaumia. Alijaribu soka, madirisha yakawa hatarini. Alijaribu mchezo wa fimbo na wavu unaochezwa sana Kanada, fimbo zikawapiga watu mikononi na usoni. Siku zikawa zinakwisha, na darasa likawa halijabadilika.

Ndipo alipoacha kuiga akakaa kufikiri. Michezo mikubwa yote ina mpira, kwa hivyo na wake uwe na mpira, tena mkubwa na mwepesi, ambao hauhitaji fimbo. Akajiuliza watu wanaumizana wapi. Wanaumizana wanapomkamata na kumwangusha mtu anayekimbia na mpira. Basi akitolewa ruhusa ya kukimbia na mpira, hakuna sababu tena ya kumwangusha. Aliyeudaka asimame na kuutoa kwa mwenzake.

Likabaki swali la goli. Goli likiwa limesimama kama la soka, watu watapiga kwa nguvu, na katika ukumbi mdogo hiyo ni hatari. Hapo akakumbuka mawe ya Almonte. Goli akalilaza, mdomo wake ukatazama juu, akalipandisha juu ya vichwa vya watu. Sasa nguvu haisaidii kitu. Atakayefunga ni yule anayerusha polepole, mpira ukapanda na kushuka kama upinde.

Vikapu viwili na kanuni 13

Naismith alimwomba mtunza jengo masanduku mawili ya upana wa kiasi ya sentimita 45. Masanduku hayakuwepo. Mtunza jengo alikuwa na vikapu viwili tu vilivyotumika kubebea pichi, ambalo ni tunda la nchi za baridi. Naismith akavichukua, akavigongomea kwa misumari kwenye ukingo wa roshani iliyouzunguka ukumbi, kimoja kila upande. Roshani hiyo ilikuwa na kimo cha futi 10 kutoka sakafuni, yaani mita 3 na sentimita 5.

Hakuna mtaalamu aliyekaa akapima akasema hicho ndicho kimo kinachofaa. Roshani ilikuwa pale, na vikapu vikakaa pale. Hadi leo, kuanzia ligi ya Marekani mpaka kiwanja cha skuli, chuma kinafungwa kwa kimo kile kile cha mita 3.05, na upana wake ni ule ule wa kiasi ya sentimita 45.

Kisha akaandika kanuni 13, zikapigwa chapa na kubandikwa ukutani. Ziko fupi na zinaeleweka. Mpira unarushwa kwa mkono mmoja au miwili, upande wowote. Haupigwi ngumi. Mchezaji hakimbii na mpira. Anautoa kutoka pale alipoudakia. Hakuna kusukuma, kushika, kupiga wala kutega. Anayekosa mara ya pili anatoka mpaka bao lijalo lifungwe, na aliyekusudia kuumiza anatoka mchezo mzima. Upande ukifanya makosa matatu mfululizo, wapinzani wanapewa bao. Muda ni vipindi viwili vya dakika 15, na dakika tano za kupumzika katikati.

Kanuni hizo hazikutaja idadi ya wachezaji. Darasa lilikuwa na watu 18, basi wakagawanywa tisa kwa tisa, wakapewa mpira wa soka. Mchezo wa kwanza, Desemba 1891, ulimalizika kwa bao moja kwa bila, lililofungwa na mwanafunzi aitwaye William Chase. Vikapu vilikuwa na kitako, kwa hivyo mpira ukiingia ilibidi mtu apande ngazi akautoe.

Mwanafunzi mmoja alipendekeza mchezo upewe jina la Naismith. Yeye akacheka na kukataa. Wakaafikiana uitwe kwa kile kilichokuwepo mbele ya macho yao: mpira, na kikapu.

Mashabiki waliozaa ubao

Januari 1892 kanuni zilichapishwa katika gazeti la chuo, na gazeti hilo likafika katika matawi ya YMCA ya nchi nzima. Tarehe 11 Machi 1892 ulichezwa mchezo wa kwanza mbele ya watu. Wanafunzi waliwafunga walimu wao mabao matano kwa moja, na watazamaji walikuwa kiasi ya 200. Walimu wa kike wa skuli ya jirani nao walianza kucheza tangu wiki za mwanzo. Mmoja wao, Maude Sherman, alikuja kuolewa na Naismith mwaka 1894.

Wanafunzi wa Springfield walikuwa wanasomeshwa ili watawanyike. Mmoja katika darasa lile la kwanza alikuwa Mjapani. Kwa njia hiyo, ndani ya miaka michache tu mchezo ulikuwa umefika Ufaransa, China, India na Japani. Ulienda mikononi mwa walimu, bila ya kampuni wala tangazo.

Mashabiki nao hawakukawia. Katika kumbi zile, watazamaji walikaa roshani, pale pale vilipotundikwa vikapu. Timu yao ikirusha, wanainama na kuusukuma mpira uingie. Wapinzani wakirusha, wanaupiga nje. Dawa yake ikawa ni kuweka kizuizi nyuma ya kikapu, kwanza cha waya, baadaye cha mbao. Ule ubao tunaouona leo, ambao mabingwa wanautumia kugongesha mpira kwa hesabu, uliwekwa kwa sababu ya mikono ya mashabiki. Mapenzi ya timu yana umri karibu sawa na mchezo wenyewe.

Pesa inapoingia

Mambo mengine yalibadilika polepole. Kikapu cha matunda kikawa pete ya chuma, kitako kikatobolewa. Mwaka 1897 idadi ya wachezaji ikakatwa kuwa watano kwa kila upande. Kudunda mpira, ambako leo ndiko kunakopamba mchezo, hakukuwemo katika kanuni 13. Kulianzishwa na wachezaji. Mtu amezuiwa, hana wa kumpa, haruhusiwi kukimbia nao. Akauachia chini, ukadunda, akaudaka tena mbele. Naismith hakukasirika. Aliuona ni ujanja mzuri.

Pesa nayo ilikuja kwa mlango mdogo. Matawi ya YMCA yalianza kulalamika kwamba watu kumi wanaukalia ukumbi mzima huku wengine hawana pahala pa kufanya mazoezi, na kwamba mchezo umekuwa wa fujo. Baadhi ya timu zikafukuzwa. Mwaka 1896 timu moja ya mji wa Trenton, New Jersey, ilikodi ukumbi wake yenyewe, ikatoza kiingilio, ikalipa gharama, na kilichobaki wachezaji wakagawana. Huo huhesabiwa kuwa ndio mwanzo wa mpira wa kikapu wa kulipwa.

Hapa tunaona jambo lenye maana kwetu. Wachezaji wa kulipwa hawakushuka kutoka pahala pengine. Walikuwa ni timu ya ridhaa iliyokosa ukumbi, na pesa waliyogawana ilitoka mifukoni mwa watu waliokuja kutazama. Bila ya wale wanaocheza bure na wale wanaopenda kutazama, ligi kubwa isingekuwepo.

Naismith mwenyewe hakuifuata njia hiyo. Hakuchukua hatimiliki ya mchezo, na haukumtajirisha. Alipoondoka Springfield mwaka 1895 alikwenda Denver, akafanya kazi YMCA huku akisomea udaktari. Mwaka 1898 alihitimu, na mwaka huo huo akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence, kuwa mwalimu wa mazoezi na msimamizi wa ibada za chuo.

Kocha aliyefungwa zaidi ya alivyoshinda

Timu ya Kansas ilicheza mchezo wake wa kwanza Februari 1899, ikafungwa 16 kwa 5 na YMCA ya Kansas City. Naismith aliiongoza timu hiyo hadi mwaka 1907. Alishinda michezo 55, akafungwa 60. Kansas ni miongoni mwa vyuo vyenye sifa kubwa kabisa katika mpira wa kikapu, na katika makocha wake wote, mwenye hesabu ya kufungwa zaidi ya kushinda ni mmoja tu: yule aliyeutunga mchezo.

Jambo hilo halikumnyima usingizi. Mara nyingine alikuwa hasafiri na timu, na mara nyingine alikuwa ndiye mwamuzi. Kwake yeye mchezo ulikuwa ni wa kucheza, si wa kufundishwa mbinu. Mwanafunzi wake Forrest Allen aliona kinyume. Aliichukua timu baada yake, akaja kushinda michezo zaidi ya 500 akiwa Kansas, na makocha wengi wakubwa wakatoka mikononi mwake. Walimu hawa wawili hawakukubaliana juu ya maana ya kocha, lakini walibaki kuheshimiana.

Naismith alikuwa akijishughulisha zaidi na wanafunzi wa kawaida kuliko mabingwa. Aliwapima afya, akawafundisha upanga wa mchezo na mazoezi ya mwili. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, alikwenda Ufaransa na YMCA, akakaa na wanajeshi vijana mpaka mwaka 1919, akiwashughulikia kwa michezo na nasaha. Mwaka 1925 akawa raia wa Marekani.

Kijana aliyezuiwa kucheza

Mwaka 1933 alifika Kansas kijana mweusi, John McLendon, akitaka kuwa mwalimu wa mpira wa kikapu. Wakati ule ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria na desturi. Chuo kilimkubali darasani, lakini mwanafunzi mweusi hakuruhusiwa kuchezea timu ya chuo. Alifika mpaka nyumbani mwa mchezo, akakuta mlango wa kiwanja umefungwa.

Naismith, aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya 70, alimpokea na kuwa mshauri wake. Alimfundisha alichokijua, akamsaidia kupata nafasi ya kufundisha timu ya skuli, na akasimama naye alipodai haki ya kutumia bwawa la kuogelea la chuo. McLendon alihitimu mwaka 1936. Baadaye timu yake ya chuo cha watu weusi cha Tennessee ilichukua ubingwa wa kitaifa wa chama chake mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959, na mwaka 1961 akawa kocha mkuu wa timu ya kulipwa. Ule mchezo wa kasi, wa kukimbia na kubana uwanja mzima, ambao mashabiki wanaupenda leo kwenye simu, yeye ni mmoja wa walioujenga.

Kijana huyo hakuwahi kuivaa jezi ya timu ya Kansas. Aliyekuwa amezuiwa ndiye aliyekuja kuwafundisha wengine namna ya kucheza.

Sarafu ndogo za Berlin

Mwaka 1936 mpira wa kikapu uliingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki, mjini Berlin. Forrest Allen alikuwa mmoja wa waliopigania jambo hilo. Lakini mzee Naismith, mwalimu wa mshahara wa kawaida, hakuwa na nauli ya kwenda Ujerumani.

Makocha wa Marekani wakapanga mchango. Katika michezo ya vyuo na skuli za nchi nzima, sehemu ndogo ya bei ya tiketi, senti moja moja, ilitengwa kwa ajili yake. Kwa hivyo waliomsafirisha ni watu wa viwanja vidogo: wachezaji wa ridhaa na jamaa waliokuja kuwatazama.

Alifika, na akaurusha juu mpira wa mchezo wa mwanzo wa mashindano, kati ya Estonia na Ufaransa. Timu zilizocheza zilikuwa 21, na Misri ilikuwemo kutoka bara letu la Afrika. Zilipita mbele yake na bendera zao. Alikuwa amekiona kikapu kikigongomewa msumari kwa ajili ya watu 18, na sasa mataifa yalikuwa yanapita.

Fainali ilikuwa kati ya Marekani, nchi aliyoishi, na Kanada, nchi aliyozaliwa. Waandaaji waliuweka mchezo nje, kwenye viwanja vya tenisi vya udongo. Siku ya fainali, 14 Agosti, mvua ilinyesha. Uwanja ukawa tope, mpira ukawa haudundi. Wachezaji wakarudi bila kupenda kwenye mchezo wa mwaka 1891: kudaka, kusimama, kutoa. Marekani ilishinda 19 kwa 8, na Naismith akawapa washindi medali zao.

Mkewe Maude alifariki mwaka 1937. Mwaka 1939 alioa tena, na mwaka huo huo, tarehe 28 Novemba, alifariki mjini Lawrence kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 78. Ligi kubwa ya kulipwa tunayoifuata leo hakuiona: ilianzishwa mwaka 1946, ikachukua jina la NBA mwaka 1949.

Karatasi zenye kanuni 13 zilikaa katika familia yake miaka mingi. Mwaka 2010 ziliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4 za Marekani, na sasa ziko Lawrence, karibu na uwanja wa chuo. Kikapu alichoanzia kilikuwa cha bure.

Mchezo wake ukiletwa Fundo

Afrika Mashariki tumetoa wachezaji waliofika kule juu. Manute Bol, mtoto wa wafugaji wa Sudan Kusini, alianza kucheza katika timu za ridhaa za Wau na Khartoum kabla ya kuingia NBA mwaka 1985. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009, akawa Mtanzania wa kwanza katika ligi hiyo. Tangu mwaka 2021, Kigali imekuwa ikipokea Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, na michezo hiyo inachezwa saa za kwetu, wakati watu wako macho.

Walio wengi hawatafika huko, na maisha ya Naismith yanatuonesha kwamba mchezo haukutungwa kwa ajili ya wachache hao. Ulitungwa kwa ajili ya watu waliokuwa na kazi nyingine, waliofungiwa na hali ya hewa, katika pahala ambapo vifaa vya maana havikuwepo.

Kisiwa kama Fundo, kilichokabiliana na Wete, kina mawe, mchanga na bahari pande zote. Sakafu ya saruji yenye urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, ambayo ndiyo kipimo cha kiwanja cha kimataifa, ni gharama kubwa. Na bila ya sakafu ngumu mpira haudundi, kwa hivyo ni rahisi mtu kusema huku mpira wa kikapu hauwezekani.

Lakini kanuni 13 hazikutaja kudunda. Maji yakitoka na mchanga ukabaki wazi, simamisha miti miwili. Pima mita 3 na sentimita 5 kutoka chini. Funga juu yake kitu cha duara chenye upana wa sentimita 45, pete ya chuma, au hata kapu la ukili lililotobolewa kitako. Gawaneni pande mbili, watano, saba au tisa, kulingana na mlivyo. Anayedaka asimame na autoe. Asisukume wala asishike. Chezeni dakika 15, pumzikeni tano, chezeni 15 tena. Huo si mpira wa kikapu wa kubahatisha. Huo ndio wa kwanza, kama ulivyoandikwa na mwenyewe.

Na usiku, ukiamka saa tisa kuitazama timu yako, mtazame mchezaji anaporusha kutoka mbali. Mpira unapanda polepole, unakata upinde, unashuka ndani ya chuma. Ni ule ule mrusho wa watoto wa Almonte, waliokuwa wakiogopa jiwe lao lisiende mbali.